Foto za Barabarani na Heshima ya Jirani

Mtu akifuata barabara kuu ya Uvira kutoka Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu, kushoto kwake ni ziwa Tanganyika, kuume kwake ni milima, na katikati ni watu. Huona akina mama wenye beseni za ndagala kichwani, vijana wa pikipiki wakingoja abiria, watoto wakibeba maji katika bidoni za njano, fundi cherehani barazani, mzee akisukuma baiskeli yenye gunia la makaa. Hapa Kilibula ni vivyo hivyo. Mambo hayo si ya ajabu kwetu, maana ndiyo maisha yetu. Lakini tangu simu za kupigia foto zilipoenea, maisha hayo ya kila siku yamekuwa kitu cha kuchukuliwa na kupelekwa mbali. Kijana hupiga foto asubuhi sokoni, na kabla ya adhuhuri imekwisha kutazamwa Bujumbura, Kinshasa na Ulaya.

Basi yatupasa kuuliza: foto njema ya barabarani ni ipi? Wengi hujibu upesi kwamba ni ile iliyo wazi, yenye rangi nzuri na yenye kugusa moyo. Jibu hilo halitoshi. Sisi twasema kwamba foto ya mtu ni ushuhuda juu ya jirani, na ushuhuda hupimwa kwanza kwa ukweli na haki, ndipo hupimwa kwa uzuri. Kwa kipimo hicho twataka kuitazama kazi moja iliyofanywa na wapiga foto wa Kongo mwaka 2020, wengi wao vijana wa Kivu, kisha tuyatazame mambo ya mji wetu wenyewe. Lakini kwanza yafaa tukitengeneze kipimo chetu vizuri.

Studio na barabara

Wazee wetu waliita foto kwa neno sanamu, kama walivyoita sura zilizochorwa. Mtu aliyetaka sanamu yake alikwenda mwenyewe kwa mpiga foto. Alioga, akavaa koti, pengine koti la kuazima. Akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Akachagua mkono uwe wapi na macho yatazame wapi. Baada ya siku chache alirudi, akalipa, akachukua foto yake, ikawa mali yake. Aliitundika ukutani au akampelekea ndugu aliye mbali. Hata leo wapiga foto hungoja mlangoni mwa kanisa siku ya Komunyo ya kwanza na siku ya ndoa, na mapatano ni yale yale: mwenye sura ndiye mwenye foto.

Barabarani mambo hugeuka. Hapo anayechagua ni mpiga foto. Anayepigwa hakujitayarisha, amebeba mzigo, anatoka jasho, pengine ana huzuni. Foto ikiisha kupigwa huenda zake, naye haioni tena. Foto ya studio ina hatari ya majivuno, kwa kuwa mtu aweza kujionyesha kuwa asivyo. Foto ya barabarani ina hatari nyingine: mtu aweza kuonyeshwa na mwenzake kuwa asivyo. Hatari hii ya pili ni kubwa zaidi, maana mwenyewe hayupo kujitetea.

Mama mmoja muuza ndagala alituambia neno ambalo hatujalisahau. Mgeni mmoja alimpiga foto akiwa ameinama kupanga samaki wake, akaondoka bila salamu. Mama yule hakukasirika sana. Alisema tu: “Mwalimu, angenunua hata fungu moja, ningejua kwamba ameniona.” Tazameni hekima hiyo. Mgeni alikuwa na sura ya mama ndani ya mashine yake, lakini mama mwenyewe alijua kwamba hakuonwa.

Mifano miwili ya zamani

Jambo hili si jipya katika nchi yetu. Katika miaka ya 1920 alifika Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, mpiga foto mwenye asili ya Poland, jina lake Casimir Zagourski. Alisafiri katika Kongo na nchi za jirani, akatengeneza kadi za posta zaidi ya 400, akazipa jina la Kifaransa L'Afrique qui disparaît, maana yake Afrika inayotoweka. Alikufa mwaka 1944. Ustadi wake haukanikiki. Alijua kutumia mwanga, na sura za watu wake zina utulivu na adhama. Lakini soma maandishi yaliyo chini ya kadi zake. Katika nyingi utakuta jina la kabila au la mahali. Jina ambalo mtu yule alipewa na wazazi wake utalitafuta bure. Tena, neno lenyewe la kutoweka halikuwa kweli. Watu wale walioa, wakazaa, wakalima, na wajukuu wao wapo hata leo. Kilichotoweka ni majina yao tu, nayo yalitoweka kwa sababu hakuna aliyeyaandika.

Mfano wa pili ni mgumu kuutazama. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa katika nchi ya Ikweta, wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, mmisionari mwanamke wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga foto mtu aliyeketi barazani. Mbele ya mtu huyo palikuwa na mkono mdogo na mguu mdogo. Mtu huyo aliitwa Nsala. Viungo vile vilikuwa vya binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa Abir. Nsala alikuja mwenyewe kwa wamisionari, akiyabeba mabaki ya mtoto wake. Alikuwa na neno la kusema, na foto ilimsaidia kulisema. Ilionyeshwa Uingereza na Marekani pamoja na nyingine nyingi, kwa taa ya kumulika picha ukutani, mbele ya watu waliojaa makanisani na katika majumba ya mikutano. Mwaka 1908 nchi iliondolewa katika mikono ya mfalme, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Foto peke yake haikuleta badiliko hilo, lakini ilikuwa shahidi ambaye wakubwa hawakuweza kumnyamazisha.

Tulinganishe sasa. Kadi za Zagourski zapendeza macho, na foto ya Baringa yatisha. Lakini katika foto ya Baringa twajua jina la baba, jina la mtoto, mahali, siku na kosa lililotendwa. Mtu wa Baringa alikuja kushuhudia. Watu wa kadi za posta waliwekwa kutazamwa. Hivyo twapata kipimo chetu: je, katika foto hii jirani ni shahidi mwenye jina, au ni kitu cha kutazamwa?

Hata magazeti ya misheni ya zamani hayaepuki swali hilo. Ulaya zilichapishwa foto nyingi za watoto wetu, na chini yake maneno machache tu: mtoto wa Afrika. Sadaka zilikuja, na zahanati zikajengwa, twashukuru. Lakini mtoto yule alibatizwa kwa jina, na jina hilo lilistahili kuandikwa.

Kazi ya mwaka 2020

Sasa tuje karibu na kwetu. Huko Ufaransa shirika la Fondation Carmignac hutoa tuzo kwa wapiga foto wa habari, ili wapate fedha na muda wa kutazama kwa undani mahali ambamo haki za watu zimevunjwa. Tuzo ya 11 ilihusu Kongo, akapewa Finbarr O'Reilly, mgeni aliyekwisha kufanya kazi katika nchi yetu kabla ya hapo. Alianza mwezi wa Januari 2020. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ukafunga mipaka na safari. Ndipo wenye tuzo walipowaita wapiga foto na waandishi wanaoishi Kongo, na tangu mwisho wa Aprili foto zao zikaanza kutolewa kwa jina la Congo in Conversation, yaani Kongo katika mazungumzo. Mwaka huo huo zilichapishwa katika kitabu.

Tuseme kwanza lililo jema, nalo ni kubwa. Arlette Bashizi wa Goma hakwenda mbali kutafuta habari. Aliwapiga foto ndugu zake mwenyewe nyumbani, shule zilipokuwa zimefungwa, wakijisomea na kufanya kazi za nyumba. Moses Sawasawa, naye wa Goma, aliwatazama watu wa mji wakihangaika kutafuta riziki katika siku zile ngumu. Guerchom Ndebo alifuata habari ya makaa na miti inayokatwa upande wa Virunga. Mtu wa mbali akitazama gunia la makaa huona uharibifu wa msitu. Mtu wa Goma huona hilo pia, lakini anajua vilevile kwamba usiku ule mama yake alipika kwa makaa hayo. Hukumu yake haiwezi kuwa nyepesi, kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani ya foto, hata kama haonekani.

Hiyo ndiyo faida ya jirani kumpiga foto jirani. Hawezi kukimbia. Kesho watakutana tena kisimani, sokoni au kanisani. Akisema uongo ataulizwa.

Pamela Tulizo, wa Goma pia, alishiriki katika kazi hiyo. Mwaka 2020 alipata tuzo ya Dior ya wapiga foto vijana kwa kazi yake nyingine iitwayo Double Identité, maana yake utu wa namna mbili. Humo wanawake wa mashariki ya Kongo wanaonyeshwa kwa sura mbili: ile ya mateso inayotangazwa nje kila siku, na ile wanayojijua wenyewe. Foto hizo hazikupigwa kwa kuviziwa barabarani. Zimepangwa kama za studio. Lakini ni jibu kwa foto zote za barabarani zilizotangulia. Ni kama mwanamke anasema: mmenionyesha ninyi miaka yote hii, sasa ngojeni nijionyeshe mwenyewe. Twaona jibu hilo ni la haki.

Tuseme sasa lililopungua. La kwanza: ilibidi mipaka ifungwe ndipo kazi ya kuionyesha Kongo ikabidhiwe Wakongo. Kama ndege zingeendelea kuruka, je, vijana hao wangeitwa? Vipaji vyao havikuzaliwa na korona. La pili: kwa kuwa tuzo yenyewe hutafuta haki zilizovunjwa, macho huvutwa upande wa maumivu. Hatusemi maumivu yafichwe. Aliyeishi Kivu hawezi kusema hivyo. Lakini katika mtaa ulioteswa pia kuna harusi, kuna kwaya inayojifunza wimbo, kuna wazee wanaobishana juu ya mpira. Anayeacha hayo yote hasemi uongo, lakini hasemi kweli yote. La tatu ndilo linalotuuma zaidi: kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na mwaka 2021 foto zilionyeshwa Paris, kando ya mto Seine. Mama wa Goma anayeongea Kiswahili hawezi kusoma kilichoandikwa chini ya sura ya watu wa mtaa wake. Mazungumzo gani hayo, ikiwa anayezungumziwa haelewi lugha? Kosa hilo si la vijana. Njia ya kwenda Ulaya imekwisha kutengenezwa, na njia ya kurudi mtaani haijatengenezwa bado.

Maji ya Mulongwe

Mwezi ule ule wa Aprili 2020, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mvua kubwa iliujia mji wetu. Mto Mulongwe ulivunja kingo zake, ukachukua nyumba, mawe na watu. Makumi ya watu walikufa, na maelfu wakakosa makao. Wengi wetu twakumbuka matope yale na mawe yale makubwa yaliyoteremka kutoka mlimani.

Foto nyingi zilipigwa siku zile, nazo zilisaidia. Walio mbali walijua, na misaada ikatafutwa. Lakini katika simu zilipita pia foto za maiti zilizolala matopeni, nyuso wazi, nguo zimechanika. Zilipelekwa kwa watu mia kabla ya ndugu kupewa habari. Twaulize: kuna faida gani mtoto kuuona mwili wa baba yake kwanza katika simu ya mtu asiyemjua? Kwa desturi yetu maiti hufunikwa, huoshwa, hulaliwa matanga. Anayeifunua tena kwa foto amevunja desturi hiyo, hata kama moyo wake ulijaa huruma.

Linganisheni na jambo jingine la mji huu. Tarehe 18 Agosti 2024 hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenyeheri watu wanne waliouawa tarehe 28 Novemba 1964: Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Sura zao twazijua kwa foto. Mtu aliyezipiga hakujua kwamba anapiga sura ya shahidi wa imani. Aliona padri tu, au bruda, katika siku ya kawaida. Lakini jina liliandikwa, foto ikatunzwa, na baada ya miaka 60 watu waliweza kuinua macho na kusema: huyu ndiye.

Waliokufa kwa maji mwaka 2020 nao walikuwa na majina. Ni wangapi kati yao wanaokumbukwa kwa foto ya siku njema, wakiwa wamesimama mlangoni au wakicheka sokoni? Foto ya siku ya kawaida si kitu kidogo. Yaweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki.

Mambo matatu ya kushika

Wengine watapinga wakisema: ukimwomba mtu ruhusa atajipanga, atanyosha shati, na ukweli wa barabara utapotea. Kuna haki kidogo katika neno hilo. Lakini kunyosha shati ni ukweli pia. Kunaonyesha mtu anavyotaka kuheshimiwa. Tena, anayeishi na watu huzoewa nao, na baada ya siku chache hawajipangi tena. Wengine watasema: je, tumwombe ruhusa mwenye nguvu anayemnyang'anya mama mizigo yake njiani? Hapana. Anayetenda uovu hadharani hana haki ya kufichiwa. Heshima tunayoisema ni ya mnyonge, na hasa ya anayeteswa. Pia kuna jina ambalo halifai kutangazwa, kama la mwanamke aliyetendewa jeuri, au la shahidi anayetafutwa. Kulificha jina hilo ni kumlinda, na ni tofauti kabisa na kutolijali.

Basi twawaomba vijana wetu washike mambo matatu. Kwanza, salamu kabla ya foto. Salamu haigharimu kitu, nayo humfanya mtu ajue kwamba ameonwa. Pili, jina, mahali na tarehe. Foto isiyo na hayo leo ni yako, kesho itapewa maneno ya uongo na mtu mwingine, na mafuriko ya Uvira yataitwa ya mji usioujua. Tatu, foto irudi kwa mwenyewe. Ikiwa huna fedha ya kuichapa, mwonyeshe katika simu yako, naye aseme neno lake juu yake. Neno hilo laweza kuwa bora kuliko foto yenyewe.

Na sisi tusiopiga foto tunayo kazi pia. Katika nyumba nyingi za Kilibula kuna sanduku au bahasha yenye foto za zamani: babu mbele ya pazia la studio, shangazi siku ya ndoa, watoto wa Komunyo ya kwanza katika mstari. Nyuma yake hapana kilichoandikwa. Bibi anawajua wote, na bibi akifa watakuwa kama watu wa kadi za posta, sura nzuri zisizo na majina. Chukueni kalamu jioni moja, mketi karibu naye, mwulize: huyu ni nani, mtoto wa nani, ilikuwa wapi? Andikeni anavyosema, taratibu, nyuma ya kila moja.